Charles Kettering: Aliyetuondolea hendeli, akatuachia risasi kwenye petroli

Asubuhi za mwisho wa wiki, katika nyua za Mbezi Beach zilizo kati ya Barabara ya Bagamoyo na bahari, bado yapo magari ya zamani yanayotunzwa kama urithi wa familia: Volkswagen ya mgongo wa kobe, Peugeot 404, Land Rover ya miaka ya 1960. Mwenye gari anaingiza ufunguo na kuugeuza. Stata inazunguka, injini haishiki. Anajaribu tena, na tena, mpaka betri inaanza kuchoka. Ndipo anapoitwa fundi. Fundi mzoefu hakimbilii kabureta. Huchomoa waya wa plagi moja na kutaka kujua jambo moja kwanza: cheche ipo au haipo?

Karibu kila kifaa atakachokishika katika kulijibu swali hilo kimetokana na kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Charles Franklin Kettering. Ndiye aliyeupa ulimwengu mfumo wa kuwasha injini kwa betri, koili na pointi, na ndiye aliyeifanya stata ya umeme ikubalike kwenye magari. Katika makala haya tunayapitia maisha yake. Tunaeleza pia jinsi lawama moja dhidi ya mfumo wake wa cheche ilivyomfikisha kwenye kitu kingine, petroli yenye madini ya risasi, iliyouzwa duniani kwa karibu karne nzima na kwetu Afrika Mashariki hadi miaka ya 2000.

Mtoto wa shamba mwenye macho dhaifu

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Tangu utotoni macho yake yalikuwa dhaifu, na kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa. Alipomaliza shule alifundisha kwa muda katika shule za vijijini, kisha akaenda chuo kikuu. Macho yakamrudisha nyumbani.

Hakukaa bure. Alijiunga na kikosi cha kuchimbia nguzo na kutandaza nyaya za simu, akapanda hadi kuwa msimamizi. Kazi hiyo ilimfundisha umeme kwa mikono kabla ya kumaliza kuusoma vitabuni. Aliporudi Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alisaidiwa na wenzake waliomsomea vitabu kwa sauti, na mwaka 1904 akahitimu uhandisi wa umeme. Alikuwa na umri wa miaka 27, mkubwa kuliko wengi wa darasa lake.

Mwaka huohuo aliajiriwa mjini Dayton na kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhesabia na kutunzia pesa madukani. Wakati huo mwenye duka alilazimika kuizungusha mashine kwa mkono kila alipopokea malipo. Kettering alipewa kazi ya kuiwekea mota ya umeme. Tatizo lilikuwa kwamba mota yenye nguvu za kutosha ingekuwa kubwa mno kukaa mezani. Yeye akaona kwamba mashine ile inahitaji nguvu kwa nukta chache tu, kisha inapumzika. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kipimo chake ikiwa ni kwa muda mfupi, kwa sababu haipati nafasi ya kuungua. Wazo hilo lilikuja kumfaa baadaye kwenye kazi kubwa zaidi.

Ghala la Dayton

Mmoja wa wakubwa wake kazini alikuwa Edward Deeds. Nyuma ya nyumba ya Deeds palikuwa na ghala, na humo, jioni na siku za mapumziko, Kettering na wenzake wachache walianza kuchezea magari. Magari ya miaka hiyo yalikuwa magumu kuwasha. Mengi yalitumia koili za kutetema, zilizotoa mvua ya cheche ndogondogo na kumaliza betri haraka. Kettering alitaka cheche moja tu, yenye nguvu, inayokuja kwa wakati wake.

Alipofanikiwa, Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac mjini Detroit, aliagiza maelfu ya seti kwa ajili ya magari yake ya mwaka 1910. Ghala halikuwa kiwanda, hivyo mwaka 1909 Kettering na Deeds wakaanzisha kampuni yao, Dayton Engineering Laboratories Company. Kwa kifupi ikaitwa Delco, jina ambalo wauza vipuri wanalijua hadi leo.

Mfumo wenyewe unafanya kazi hivi. Umeme wa betri, volti 6 au 12, unapita kwenye koili yenye nyaya mbili zilizozungushwa pamoja, moja nene yenye mizunguko michache na nyingine nyembamba yenye maelfu ya mizunguko. Pointi mbili za chuma ndani ya distribyuta zinafunguka na kufunga kadiri injini inavyozunguka. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakozalisha volti elfu nyingi katika waya mwembamba wa koili. Rota inaupeleka umeme huo kwenye silinda ambayo zamu yake imefika, nao unaruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kondensa, kikopo kidogo kilichofungwa pembeni, huzuia umeme usirukeruke kwenye pointi na kuziunguza.

Fundi anayetafuta hitilafu huufuata mpangilio huohuo, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye betri. Vichwa vya betri vina kutu? Waya wa kwenye bodi umelegea? Je, umeme unafika kwenye koili swichi ikiwashwa? Baada ya hapo huchomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, huusogeza karibu na chuma cha injini kwa koleo yenye mpini wa plastiki, mbali na petroli yoyote iliyomwagika, na kuzungusha injini. Cheche ya buluu inayoruka kwa mlio ina maana kwamba koili na pointi ni nzima, hivyo hitilafu iko mbele zaidi: kwenye kifuniko cha distribyuta, rota, nyaya au plagi zenyewe. Cheche ya manjano iliyofifia, au kutokuwepo kwa cheche kabisa, inamrudisha kwenye pointi. Zikiwa zimeungua na kuwa na mashimo, kondensa huenda imekufa. Zikiwa chafu tu, msasa laini na kurekebisha nafasi yake vinatosha. Kwa magari mengi ya enzi hiyo nafasi hiyo ni kama milimita 0.4.

Mbezi Beach ina shida yake ya pekee. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu wa alfajiri huacha utando juu ya kifuniko cha distribyuta na nyaya. Volti zile nyingi hupenda njia rahisi. Badala ya kwenda kwenye plagi, zinatambaa juu ya utando na kupotelea kwenye chuma. Gari lililokataa kuwaka saa 12 asubuhi linaweza kuwaka saa 4 jua likishapanda, na mwenye gari akadhani limejiponya. Kitambaa kikavu ndani na nje ya kifuniko mara nyingi hufanya kazi ya jua.

Kuiondoa hendeli

Baada ya cheche, Leland alikuwa na ombi la pili. Injini za wakati huo ziliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopinda kilichochomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu za mkono. Cheche ikija mapema mno, kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi nyuma ghafla na hendeli humpiga anayeizungusha. Watu walivunjika mikono na taya, na wengine walikufa kwa majeraha hayo. Leland alitaka njia nyingine.

Wahandisi wengi waliona haiwezekani. Kwa hesabu zao, mota ya kuizungusha injini ingekaribia ukubwa wa injini yenyewe, na betri ya kuilisha isingebebeka. Kettering alirudi kwenye funzo la mashine ya dukani. Stata haihitaji kufanya kazi mchana kutwa, inahitaji nukta chache tu. Mota ndogo iliyobebeshwa mzigo mzito kwa muda mfupi ingetosha. Injini ikishawaka, mota hiyohiyo ingegeuka jenereta na kuirudishia betri umeme wake. Februari 1911 gari la majaribio liliwaka kwa umeme, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa yakiwa na stata na taa za umeme. Ndani ya miaka michache watengenezaji wengine wakafuata, na wengi ambao hendeli iliwazuia kuendesha peke yao, wakiwemo wanawake wengi, wakapata kuliwasha gari wenyewe.

Hapo ndipo penye sababu ya onyo ambalo kila fundi hutoa na wenye magari husahau. Usiishikilie stata kwa zaidi ya nukta kumi hivi. Ipumzishe, kisha jaribu tena. Imetengenezwa ibebe mzigo kupita kipimo kwa muda mfupi tu, na ukiilazimisha kuendelea utaiunguza wakati ugonjwa wa gari uko kwingine. Land Rover za zamani bado zina tundu la hendeli mbele, kwa siku ambayo betri imekufa. Anayeitumia akumbuke kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, asilizungushie hendeli. Injini ikirudi nyuma, hendeli itachomoka mkononi bila kuvunja dole hilo.

Lawama ya injini inayogonga

Delco iliuzwa mwaka 1916, na muda mfupi baadaye ikaingia ndani ya General Motors. Kuanzia 1920 Kettering aliongoza idara ya utafiti ya kampuni hiyo, kazi aliyoishika hadi 1947. Lakini jambo moja lilikuwa limemkera tangu siku za Cadillac. Injini zilipoongezewa mgandamizo ili zitoe nguvu zaidi, zilianza kugonga, mlio mkali wa chuma hasa wakati wa kupanda mlima. Watu waliulaumu mfumo wake wa cheche. Walisema betri na koili ndizo zinazoharibu injini.

Kettering hakuridhika na lawama isiyo na ushahidi. Kijana aliyefanya naye kazi, Thomas Midgley, alitengeneza injini yenye dirisha dogo kwenye silinda ili waone moto unavyowaka ndani. Walichokiona kiliisafisha cheche. Mgongo ulitokea baada ya cheche kufanya kazi yake, pale sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia ilipolipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo. Tatizo lilikuwa kwenye mafuta.

Tunakiona kisa hiki kuwa mfano bora wa utafutaji wa hitilafu: kuchunguza kabla ya kulaumu. Hata leo gari la zamani likigonga mlimani, fundi hukagua kwanza taimingi, kwa kuwa cheche inayowahi mno huzidisha mgongo, kisha huuliza ni petroli gani imetiwa.

Baada ya kuupata ugonjwa ilibaki dawa. Kwa miaka kadhaa Midgley alijaribu kemikali moja baada ya nyingine. Iodini ilisaidia lakini ilikuwa ghali. Nyingine zilinuka vibaya kiasi kwamba harufu yake iliganda kwenye nguo na miili ya watafiti. Tarehe 9 Desemba 1921 walitia kwenye injini mchanganyiko wa risasi, na mgongo ukanyamaza. Kiasi chini ya gramu moja kwa lita kilitosha, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Sumu iliyojulikana

Ubaya wa risasi haukuwa siri. Madaktari waliujua tangu zamani kutokana na wafanyakazi wa rangi na wa viyeyushio. Njia nyingine pia ilikuwepo. Pombe ya ethano ikichanganywa na petroli hupunguza mgongo, na Kettering na Midgley wenyewe walikuwa wameijaribu na kuisifia. Lakini pombe ingeweza kutengenezwa na yeyote mwenye mazao, wala hakuna kampuni ambayo ingeimiliki peke yake. Risasi ilikuwa na hati ya umiliki.

Petroli ya risasi ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923, kwa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi hata kidogo. Midgley mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu hiyo mwanzoni mwa mwaka na kulazimika kupumzika. Mwaka uliofuata iliundwa kampuni ya Ethyl, na Kettering akawa rais wake. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja huko New Jersey kilichotengeneza kemikali hiyo, wafanyakazi watano walikufa baada ya kurukwa na akili, na wengine wengi wakalazwa. Mwaka 1925 mauzo yalisimamishwa na mkutano ukaitishwa mjini Washington. Alice Hamilton, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard na mtaalamu wa magonjwa ya kazini, alipinga kuendelea kwa biashara hiyo. Upande wa Kettering ulishikilia kwamba hakuna kibadala cha kufaa. Mwaka 1926 kamati ya wataalamu ikasema haikuona sababu ya kupiga marufuku, na mauzo yakarejea.

Petroli hiyo ikaenea duniani, na ndiyo iliyokuja kujaza matangi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Moshi wake ulitua kama vumbi kando ya barabara, kwenye mikono ya watoto na vyakula vya mabandani. Risasi ikiingia mwilini huumiza ubongo, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu humpunguzia uwezo wa kujifunza bila dalili ambayo mzazi angeiona mapema. Mafundi walikuwa karibu nayo kuliko wote. Waliosha plagi na mikono yao kwa petroli, na walinyonya petroli kwa mpira kutoka tangini. Kemikali ile hupenya ngozi. Wengi wao hakuna aliyewaambia.

Mwaka 2001 wawakilishi wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 eneo hilo likawa limehamia petroli isiyo na risasi. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Tangazo la kumalizika kwake lilitolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi.

Kushindwa, heshima na kifo

Kettering hakuyaona hayo. Aliendelea na kazi kubwa, na si zote zilifaulu. Mwaka 1923 gari la Chevrolet alilolibuni, lenye injini ya kupozwa kwa hewa kupitia mapezi ya shaba, lilishindwa vibaya hata kampuni ikayarudisha yaliyouzwa. Aliomba kujiuzulu, mkuu wake Alfred Sloan akamkatalia. Miaka ya 1930 timu yake iliboresha injini za dizeli zilizoondoa vichwa vya treni za mvuke kwenye reli za Marekani. Midgley, akiwa chini ya uongozi wake, alishiriki kuvumbua gesi ya majokofu iitwayo Freon. Ilisifiwa kwa usalama wake, kisha miongo baadaye ikagundulika kuwa jamii yake ya gesi inatoboa tabaka la ozoni.

Mali aliyoipata aliitumia pia kwa afya. Mwaka 1945 taasisi ya utafiti wa saratani ya Sloan-Kettering ilianzishwa New York kwa fedha za Sloan, naye Kettering akasaidia kuipangia kazi. Jina lake bado limo katika hospitali hiyo. Alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na miaka 82, mwenye hati za uvumbuzi zaidi ya 100. Mji ulio kando ya Dayton ulikuwa tayari umepewa jina lake.

Kilichobaki kwenye nyua zetu

Pointi zake zilitawala magari ya petroli kwa zaidi ya miaka 60, hadi mifumo ya kielektroniki ilipoanza kuchukua nafasi miaka ya 1970. Leo gari jipya likikataa kuwaka, fundi huchomeka kompyuta. Kwenye gari la zamani bado anaanza pale Kettering alipoanzia, kwa cheche.

Kwa wenye magari hayo, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi kulinda viti vya valvu vilivyotengenezwa kwa chuma laini. Zikitumia petroli ya sasa kwa safari ndefu na kasi kubwa, viti hivyo huliwa taratibu, nafasi za valvu hupungua na injini hupoteza nguvu. Wengi wakisikia hivyo hubadilisha plagi na pointi bure. Dawa ya kudumu ni kuwekewa viti vigumu siku kichwa cha injini kinapofunguliwa. Jambo la pili ni betri, ambayo ndani yake bado ni risasi. Iliyokufa irudishwe kwa wanaozinunua kwa utaratibu, isipasuliwe uani wala kumwagwa tindikali yake mchangani watoto wanapochezea.

Kettering alikataa kukubali lawama kabla ya kuutazama moto wenyewe kupitia dirisha la silinda, na kwa hilo mafundi wanaweza kumwiga. Ila risasi ilipoua wafanyakazi na madaktari wakataka moshi wake nao uchunguzwe kwa makini vilevile, alichagua kutetea biashara. Deni la uchaguzi huo lililipwa na watu waliovuta moshi wa magari, wakiwemo watoto waliokulia kando ya barabara zetu.